Farasi wa Thoroughbred anakonda kila baridi inapoingia: nimlisheje?

Saisi wa Yorkshire anauliza:

Salaam, ndugu zangu. Usaisi nilijifunza Nairobi, karibu na uwanja wa mbio wa Ngong, na huu ni mwaka wangu wa pili katika banda moja hapa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Miongoni mwa farasi ninaowatunza yumo Thoroughbred (aina ya farasi wa mbio) wa miaka 11 aliyestaafu mbio, aliyehasiwa, ambaye huwa na kilo 500 hivi anapokuwa katika hali nzuri. Tangu Novemba anapungua. Kwa siku nampa nyavu mbili za nyasi kavu, kila mmoja kama kilo 5, pamoja na mchanganyiko wa shayiri na mahindi kilo 2 na nusu asubuhi, na kiasi hicho hicho jioni. Mwezi uliopita niliongeza nafaka, lakini mbavu zake bado nazihisi kirahisi mno, na kilichoongezeka ni wehu tu. Akitolewa nje anarukaruka kama mtoto wa mbuzi. Kule nyumbani sikuwahi kuliona tatizo hili, kwa kuwa baridi ya Julai haimalizi majani malishoni.

Saisi Mkongwe anajibu:

Ndugu, umeongeza pasipostahili. Joto la farasi wakati wa baridi hutokana zaidi na nyasi, kwa sababu nyuzinyuzi zinapochachuka katika utumbo mpana hutoa joto kwa saa nyingi, ilhali nafaka humeng'enywa upesi na joto lake ni dogo. Tumbo lenyewe la farasi ni dogo kuliko umbo lake linavyoonyesha, lita 8 hadi 15 tu, na ndiyo maana tunashauriwa tusizidishe kilo 2 za nafaka kwa mlo mmoja. Wanga usiomeng'enywa hupita hadi utumbo mpana, huko ukaleta asidi, na hatari yake ni msokoto wa tumbo au ugonjwa wa kwato.

Farasi wa kilo 500 anahitaji walau kilo 7.5 za malisho kwa siku, yakihesabiwa bila maji yaliyomo, na huyu aliyekonda ningempa kilo 10 au zaidi. Nyasi kavu huwa na maji asilimia 15 hivi, kwa hiyo hizo ni takriban kilo 12 kwenye mizani. Kama banda lenu linatumia nyasi zilizovundikwa katika marobota ya plastiki, uzito lazima upande zaidi, maana zina maji mengi. Ikiwezekana, asikae usiku bila kitu horini. Je, nyavu hizo umezipima, au unakadiria kwa macho?

Dada wa Kentucky anajibu:

Naunga mkono hoja ya nyasi, ila Thoroughbred wengine huchagua sana, na nyasi ngumu za mwisho wa msimu huziacha. Mimi ningepunguza shayiri taratibu na kuweka masalia ya kiazisukari yasiyotiwa molasi, yaliyolowekwa kama mfuko unavyoelekeza, kisha mafuta ya mboga: anza na mililita 50 kwa siku, upande kwa muda wa wiki mbili au tatu hadi 250. Mafuta yana nguvu zaidi ya maradufu ya wanga na hayamtii farasi wehu, lakini ukiyatumia mwongezee vitamini E. Maji nayo yasiwe ya barafu, kwani asipokunywa ya kutosha, nyasi zote hizo zinaweza kumkwama tumboni.

Msaidizi wa Daktari wa Mifugo anajibu:

Kabla ya kubadilisha chochote, mwangalieni meno na minyoo. Viluwiluwi vya minyoo wadogo wekundu hujificha katika ukuta wa utumbo majira haya, na kipimo cha mayai kwenye kinyesi hakivionyeshi. Kipo kipimo cha damu. Msimpe dawa kwa kubahatisha, hasa akiwa amekonda. Vilevile mpime kifua kwa utepe kila wiki, kwa sababu manyoya ya baridi hulidanganya jicho.

Saisi wa Yorkshire:

Nawashukuru nyote. Leo asubuhi nimetundika nyavu kwenye mizani, na kwa aibu nakiri kwamba ule niliouita wa kilo 5 una kilo 3.2. Kwa maana hiyo farasi huyu amekuwa akipata kilo 6.4 kwa siku, huku mimi nikimrundikia nafaka. Kuanzia usiku huu nitamwekea nyavu tatu zilizojazwa vizuri, nizipime kila mara, na nafaka nitaipunguza hatua kwa hatua. Jambo jingine: chini ya hori lake nimeokota vidonge vya nyasi zilizotafunwa nusu na kutemwa. Nilidhani ni uchafu wa kawaida. Mwenye farasi amekwisha kumpigia simu fundi wa meno, naye atafika Alhamisi.