Mjadala: Biashara ndogo zisamehewe sheria za ufikivu wa kidijitali?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Sheria ya ufikivu ya Umoja wa Ulaya, ile namba 2019/882, inayotaka huduma na vifaa vitumike pia na watu wenye ulemavu, ilianza kutumika 28 Juni 2025. Inagusa maduka ya mtandaoni, huduma za benki, tiketi za usafiri, vitabu vya kidijitali, hadi mashine za kutolea pesa. Haijali kampuni yako imesajiliwa wapi. Inaangalia unamuuzia nani. Mteja wako akiwa ndani ya Umoja huo, inakuhusu. Ila kama unatoa huduma, una wafanyakazi chini ya 10, na mauzo ya mwaka au mizania yako haizidi euro milioni 2, umesamehewa.

Mimi nasema msamaha huo ni kosa. Mfanyabiashara mdogo hajengi tovuti yake. Ananunua kiolezo, anaweka nembo na picha, anaanza kuuza. Kasoro iliyomo kwenye kiolezo inarithiwa na kila duka linalokitumia. Ukimsamehe mnunuzi, aliyekitengeneza hana wa kumsumbua. Karibuni mnipinge.

Mwenye duka la mtandaoni
Nakupinga, mkuu, tena bila kusita. Tuko wanne. Mimi ndiye meneja, mhasibu na mfunga mizigo. Nimeufungua ule mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, WCAG: vigezo makumi kwa makumi. Eti maandishi ya kawaida na usuli wake vitofautiane kwa uwiano wa 4.5 kwa 1. Nani wa kunipimia?

Halafu kuna mawakili. Kule Marekani, Guillermo Robles, asiyeona, aliishtaki Domino's kwa kushindwa kuagiza pizza kupitia tovuti na programu yao. Kampuni ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na Oktoba 2019 mahakama ikakataa kuisikiliza. Wao wana uwezo wa kuendesha kesi miaka kadhaa. Mimi barua moja tu ya wakili inanifungia duka.

Mchangiaji asiyeona
Ngoja niwape nilichosikia juzi. Duka dogo, bidhaa nzuri, maelezo yake yanasomeka vizuri kabisa. Nikatia kitu kikapuni, nikaenda kulipa. Kisoma skrini, ile programu inayonisomea ukurasa kwa sauti, kikasema: "Kitufe." Nikasogea mbele: "Kitufe." Nikasogea tena: "Kitufe, picha, tisa tisa nne saba." Yaani jina la faili! Kimoja kati ya hivyo vitatu kilikuwa cha kulipa. Kingine kilikuwa cha kufuta kikapu, na nilikibonyeza mara mbili kabla sijakata tamaa.

Kukipa kitufe jina ni neno moja kwenye msimbo. Ndugu mwenye duka, huyo muuzaji hajui mpaka leo kwamba alinipoteza, kwa sababu mteja akishaondoka haandiki malalamiko. Anaondoka tu.

Mwenye duka la mtandaoni
Pole sana, ndugu yangu. Hilo sikuwahi kulifikiria. Na vile vidude vya kubandika je? Nimeona tangazo: mstari mmoja wa msimbo, tovuti imekidhi sheria.

Mtengeneza tovuti
Usithubutu. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba kampuni ya accessiBe, inayouza kidude cha namna hiyo, italipa dola milioni 1 kwa kudai kidude chake cha akili bandia kinaweza kuifanya tovuti yoyote ikidhi WCAG. Kidude kinabandikwa juu ya ukurasa. Hakina namna ya kujua kwa uhakika kile kitufe cha tisa tisa nne saba ulikiweka cha nini.

Mteja akinijia na hofu ya sheria, namwambia aweke kipanya kando, ashike kibodi kama wafanyavyo wasioona, anunue bidhaa yake mwenyewe mpaka apate risiti. Wengi wanakwama kwenye kalenda ya kuchagua tarehe. Hapo ndipo pa kuanzia, cheti baadaye.

Na wewe mleta mada, usimbebeshe mwuza kiolezo kila kitu. Picha isiyo na maelezo na video isiyo na manukuu anaziweka mwenye duka kwa mkono wake. Hata hilo la rangi: WebAIM, shirika la ufikivu wa tovuti, hukagua kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti milioni 1. Mwaka 2025, asilimia 94.8 zilikutwa na makosa, na lililoongoza ni maandishi hafifu. Mara ngapi nimeacha maandishi meusi, mteja akarudi kuomba kijivu "kionekane cha kisasa"!

Mleta mada
Hilo la picha nakubali. La msamaha bado. Sheria yenyewe ina mlango mwingine: ukiona mzigo umezidi uwezo wako, unafanya tathmini, unaiandika, unaitunza miaka 5. Mdogo angepewa mlango huo, kwa fomu fupi isiyohitaji wakili. Akiandika "kiolezo changu hakiruhusu", angalau pana karatasi inayomtaja mwenye kiolezo.

Mwenye duka la mtandaoni
Nimelijaribu hilo la kibodi sasa hivi. Kikapu sawa, jina sawa. Nilipofika kwenye anwani, alama ya kuonyesha niko wapi ikatoweka, nikawa nabonyeza kwa kubahatisha. Nimemwandikia aliyeniuzia kiolezo. Kajibu haraka, kwa adabu: hakuna mteja mwingine aliyewahi kulalamika.