Mjadala: Mtafiti wa ubongo apimwe kwa idadi ya nukuu?

MLETA MADA
Wakuu, nina msimamo kwenye hili na naomba tupingane bila kuogopana. Mtafiti wa sayansi ya ubongo akiomba cheo au ruzuku, swali la kwanza siku hizi ni: ana makala ngapi, zimenukuliwa na watafiti wengine mara ngapi, h yake (namba moja inayojumlisha wingi wa makala na nukuu zake) ni ngapi? Nasema h iondolewe kabisa kwenye fomu.

Kipimo hicho kilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20, h yako ni 20. Sasa chukua mtu mwenye makala tano tu, kila moja imenukuliwa mara 1,000. Jumla nukuu 5,000, lakini h yake ni 5. Mwingine ana makala 30, kila moja nukuu 30. Jumla 900, na h yake ni 30. Fomu inamchagua huyu wa pili.

Kubwa zaidi ni kwamba nukuu zinaonyesha kazi imetumika, hazionyeshi kama ni ya kweli. Mwaka 2006 jarida la Nature lilichapisha makala iliyodai kuna mkusanyiko fulani wa protini ya amiloidi unaoharibu kumbukumbu za panya, na hivyo huenda unachangia ugonjwa wa Alzheimer. Ilinukuliwa zaidi ya mara 2,000. Mwaka 2022 jarida la Science likaeleza kwamba baadhi ya picha zake, ile mistari myeusi inayoonyesha protini zilizotenganishwa kwa ukubwa, zilionekana kuchezewa. Makala ikafutwa 2024. Kwa miaka yote hiyo kila nukuu ilihesabiwa kama sifa.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mleta mada, umechukua kashfa moja ukaifanya sheria. Namba zina ubaya wake, sawa. Lakini ukiziondoa kinabaki nini? Wazee watatu mezani wanaulizana "huyu tunamjua?" Asiye na mtu wa kumshika mkono, aliyesoma chuo kisicho na jina, ngao yake ni namba hizo hizo. Halafu waombaji wakiwa mia, nani atasoma makala zao zote?

MCHANGIAJI WA PILI
Mimi naongeza suala la mbinu. Makala ya mwanabiokemia Oliver Lowry na wenzake ya 1951 imenukuliwa zaidi ya mara 300,000. Inaeleza jinsi ya kupima kiasi cha protini kwenye sampuli, basi. Lowry huyo huyo alihangaika kubuni njia za kupima vimeng'enya ndani ya seli moja ya neva, kazi ambayo nukuu zake hazisogei hata karibu na hapo. Leo ni vilevile: anayetengeneza programu ya kuchambua picha za ubongo atanukuliwa na kila anayeitumia, na anastahili. Lakini anayerekodi ishara za umeme za seli za ubongo, mnyama mmoja baada ya mwingine, kwa miaka ili apate makala moja, mnamlinganishaje na huyo?

MLETA MADA
Mchangiaji wa kwanza, hofu ya upendeleo ni ya haki kabisa, na ndiyo inayonisumbua zaidi. Ila tazama namba zinavyopatikana. Mkuu wa maabara kubwa huwekwa jina mwishoni mwa karibu kila makala inayotoka pale, hata ile ambayo mwanafunzi ndiye aliyekesha na vifaa. Marafiki hunukuliana. Wengine hujinukuu wenyewe. Kwa hiyo kujuana kumeshaingia ndani ya namba kabla hazijafika mezani, tena huko hakuna wa kukuhoji.

Ninachopendekeza: mwombaji achague makala zake tatu, aandike yeye binafsi alifanya nini, nani alibuni jaribio, nani alichambua data, na data yenyewe iko wapi. Wasomaji wa nje wazipime na kuandika sababu zao, na mwombaji apewe sababu hizo ili aweze kukata rufaa. Namba ikikuangusha huwezi kuikatia rufaa.

Kuhusu waombaji mia: mchujo wa kwanza uangalie sifa za msingi na kama utafiti wao unahusiana na nafasi yenyewe. Wakibaki kumi, hizo ni makala 30 kwa kamati nzima. Kamati isiyo na muda wa kusoma makala 30 kabla ya kumpa mtu ajira ya miaka ishirini iachie kazi hiyo watakaozisoma.