Msimuliaji wa hadithi kwenye D&D: Lore, Spirits, au usuli wa Entertainer tu?

Dadu_ya_Kwanza
Wakuu, habari za jioni. Kundi letu linaanza kampeni mpya ya Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu) mwezi ujao, kwa kanuni za 2014, na tunaanzia ngazi ya 3. Nataka mhusika ambaye kazi yake ni kusimulia hadithi. Si mpiga gambusi wala mwimbaji. Ni mtu anayefika kijijini jioni, anatandikiwa mkeka, watu wanamzunguka, naye anakula kwa kile kinachomtoka kinywani. Bibi yangu alikuwa hivyo, na tangu nijifunze mchezo huu nimetamani kumcheza mtu wa aina yake.

Nimebaki na njia tatu. Bard (fani ya msanii anayeroga kwa maneno na muziki) wa chuo cha Lore, yaani mtu wa elimu na kumbukumbu. Bard wa chuo cha Spirits, anayepokea hadithi kutoka kwa mizimu. Au fani nyingine yoyote, mradi ana usuli wa Entertainer, yaani alikuwa mtumbuizaji kabla ya safari kuanza. Waliowahi kucheza, nisaidieni.

Mchora_Ramani
Chukua Lore. Ngazi ya 3 unapata ujuzi wa ziada wa mambo matatu, hivyo unaweka Historia, Dini na Ushawishi, na tayari una mtu anayejua asili ya kila kaburi mnalopita. Pia unapata yale maneno ya kukata: adui aliye ndani ya futi 60 akirusha dadu ya shambulio, ya jaribio au ya madhara, unatumia mwitikio wako kumpunguzia kwa dadu yako ya hamasa, ile ambayo bard kwa kawaida huwapa wenzake waongezee. Ngazi ya 6 unachagua uchawi wa aina mbili kutoka fani yoyote.

Ila maneno hayo hayamshiki asiyeweza kukusikia, wala yule asiyerogeka kwa mvuto. Mimi naona ni haki kabisa. Maneno yanahitaji sikio.

BintiPwani
Ndugu Mchora Ramani ameeleza vizuri, lakini huyo ni mwanachuoni mwenye ulimi mkali. Dadu ya Kwanza anamtafuta msimuliaji.

Katika Spirits hadithi yenyewe ndiyo inayofanya kazi. Unatumia dadu moja ya hamasa kwa tendo la ziada, unairusha kwenye jedwali la hadithi, na unayoipata unaishika moyoni. Ukiona wakati umefika, unatumia tendo lako kumsimulia mtu mmoja aliye ndani ya futi 30, na jambo linamtokea. Ngazi ya 3 dadu yako ina pande 6, kwa hiyo una hadithi sita. Ukikua hadi dadu ya pande 12, zinakuwa kumi na mbili.

Na hadithi ya kwanza kwenye jedwali ni ipi? Ni ya mnyama mwerevu! Anayesimuliwa anaongeza dadu kwenye majaribio yake yote ya akili, busara na mvuto kwa dakika 10. Nilipoisoma nikasema huyu ni Sungura wetu. Kila nilipoipata nilisimulia mezani kisa cha Sungura, kifupi tu, sentensi nne au tano, kisha namwambia mwenzangu, "Haya, nenda kazungumze na yule mlinzi." Kampeni nzima wenzangu walikuwa wakiingoja hiyo namba 1.

MzeeWaKete
Binti yangu, nakuheshimu, lakini hapo kwenye kurusha dadu ndipo ninapokataa. Kazi ya msimuliaji ni kuchagua. Anawatazama waliokaa mbele yake, anajua nani amefiwa, nani ana deni, nani anaoa kesho, ndipo anachagua hadithi. Msimuliaji anayepewa hadithi kwa bahati nasibu ni chombo tu. Hata kwenye kanuni hizo, inabidi ufike ngazi ya 14 ndipo urushe mara mbili na kuchagua moja.

Mwangalie Fumo Liyongo gerezani Pate. Alimtuma kijakazi Saada kwa shairi, walinzi wakisikia bila kuelewa, mama yake akatia tupa ndani ya mkate wa wishwa. Kisha akaomba gungu lichezwe, ngoma na pembe zikarindima, na yeye huku ndani akikata minyororo kwa tupa. Kila neno lilikuwa na kazi yake na kila wimbo ulikuja kwa wakati wake. Hiyo ndiyo sanaa. Kwa kanuni zilizopo, Lore iko karibu zaidi na hilo, kwa sababu unasubiri, unasikiliza, kisha unatamka kwa hiari yako.

Na kwa kuwa tunataja majina: katika Ireland ya kale bard alikuwa chini ya fili, mshairi msomi. Fili ndiye aliyesomea kwa miaka mingi, na wa daraja la juu kabisa, ollam, alitakiwa kujua hadithi 350. Mchezo ulichukua jina la yule mdogo ukampa kazi ya mkubwa. Fani yenyewe ilitokea mara ya kwanza 1976 kwenye jarida la mchezo, na katika kitabu cha 1978 hukuweza kuwa bard mpaka uwe umeanza kama mpiganaji, ukaja kuwa mwizi, ndipo ukageukia elimu ya madruidi. Ilikuwa njia ndefu sana, lakini wazo lake nalipenda hadi leo: mtu asimulie aliyoyaona.

Ngao_na_Wino
Kama mko tayari kwa Pathfinder ya zamani, mchezo mwingine wa aina hii, kuna fani ya skald. Lakini wimbo wake unawatia wenzake hasira ya vita. Kwa mtu anayemkumbuka bibi yake, sidhani.

Msimamizi_Usiku
Mimi ndiye huwa nasimamia mchezo, nimekaa upande ule mwingine wa meza. Nitetee njia ya tatu, maana naona imepitwa haraka.

Usuli wa Entertainer una orodha ya kazi kumi, na msimuliaji wa hadithi yumo. Faida yake ni kwamba popote pa kutumbuiza, ukisimulia kila usiku, unapewa chakula na malazi bure. Dadu ya Kwanza, rudi usome maneno yako: "anakula kwa kile kinachomtoka kinywani." Ndiyo hiyo hiyo. Yale ya Lore na Spirits hutumika zaidi kwenye mapambano na hatari. Riziki ya msimuliaji iko hapa.

Lakini nina ombi kwa wasimamizi wenzangu. Mchezaji akisema "nasimulia hadithi," msimwambie arushe dadu halafu mkaendelea na safari. Muulizeni ni hadithi gani. Nani alilia? Nani aliondoka katikati? Kwenye meza yangu mwenye nyumba mmoja aliondoka katikati ya kisa, na miezi miwili ya mchezo ilitokana na hilo.

BintiPwani
Shikamoo Mzee wa Kete. Nimekusoma mara mbili. Hoja ya Liyongo ni nzito, lakini hakuna aliyekulazimisha kuisimulia hadithi mara uipatapo. Unaishika mpaka utakapopumzika. Mtu unamchagua wewe, na wakati unauchagua wewe.

Halafu, Mzee, sisi wenyewe tunaanzaje? "Hadithi, hadithi!" Na wasikilizaji wanajibu, "Hadithi njoo! Uwongo njoo, utamu kolea!" Tunaiita ije. Bibi zetu hawakusema "nimechagua hadithi." Mimi naona kurusha dadu ni huko kuiita.

MzeeWaKete
Marahaba. Hapo kwenye "njoo" umenigusa. Bado ningechukua Lore kwa mhusika wangu, lakini kwa wa kijana huyu sitabisha tena.

Dadu_ya_Kwanza
Asanteni sana nyote. Nimeamua: Bard wa Spirits, na usuli wa Entertainer juu yake, maana hakuna kanuni inayonizuia kuvichukua vyote viwili. Nitawaomba wenzangu mezani wajibu "hadithi njoo" kabla sijarusha dadu. Jedwali nimeshaanza kulijazia visa vya bibi, na namba 4, ile ya mtoro, nimeipa kisa cha msichana aliyevuka mto usiku. Alikuwa akikipenda sana.

Swali la mwisho. Spirits wanaruhusiwa kutumia mshumaa kama chombo cha uchawi, au fuvu, au karata. Bibi alisimulia kwenye mwanga wa kibatari. Kitakubalika?

Msimamizi_Usiku
Kwangu kingekubalika. Mwulize msimamizi wako kabla ya kikao cha kwanza, na umweleze kwa nini unakitaka.