Maiti zinanizidi katika Graveyard Keeper: mchezaji mpya aanzie wapi?

Mgeni wa Arua

Salaam kwenu nyote. Naandika kutoka Arua, na naomba msaada wa wale waliokwisha kuucheza mchezo wa Graveyard Keeper, ule uliotolewa mwaka 2018 na Lazy Bear Games, ambamo mchezaji anafanywa msimamizi wa makaburi katika kijiji cha zama za kati. Nimeupata kwenye kompyuta ya binamu yangu wiki mbili zilizopita, na tangu hapo nimekwisha kuanza upya mara tatu.

Shida yangu ni hii. Punda analeta maiti, naikimbiza mochwari, naipasua, naizika, na kabla sijapata mbao za kuchongea msalaba, punda amekwisha kurudi na nyingine. Kufika mchana nguvu zimeniishia, nalala, na nikiamka nakuta ile niliyoiacha mezani imeanza kuharibika. Askofu ameniambia kwamba kanisa halitafunguliwa mpaka makaburi yafikie alama 5, lakini jana nilizika maiti mbili kwa siku moja, nikidhani nimefanya kazi nzuri, na alama ikashuka badala ya kupanda. Sina fedha, teknolojia nyingi zimefungwa, na kila mwanakijiji ninayezungumza naye ananiongezea kazi juu ya kazi. Ninakosea wapi, na mtu anayeanza anapaswa kushughulikia nini kwanza?

Fundi wa Jinja

Ndugu yangu wa Arua, karibu sana. Kosa lako ni lile tulilolifanya karibu sote, nalo ni kudhani kwamba mchezo huu unakukimbiza. Haukukimbizi. Hakuna kazi hata moja ya wanakijiji yenye tarehe ya mwisho, hakuna mwaka unaofunga hesabu, na askofu atakusubiri hata ukikaa wiki kumi ukikata kuni. Ukilielewa hilo, nusu ya mzigo umeutua.

Sasa tuje kwenye alama, maana hapo ndipo ulipoumia. Kila maiti ina mafuvu meupe na mafuvu mekundu, na unaweza kuyaona ukiikagua. Meupe yanaonyesha kaburi hilo linaweza kubeba uzuri kiasi gani, na mekundu yanakata. Ukizika maiti yenye meupe 4 na mekundu 2, kisha ukaiwekea msalaba na uzio ambao thamani yake kwa pamoja ni 4, kaburi litakupa alama 2 tu, kwa sababu mekundu yamekula mbili. Ukiizika hiyo hiyo bila msalaba wala uzio, hakuna kinachoongezwa, ila mekundu bado yanakata, na kaburi linaingia kwenye hesabu likiwa deni. Hicho ndicho kilichokupata jana: ulizika maiti mbili tupu, na makaburi yako yakabeba madeni mawili. Kinyume chake pia kipo. Ukiweka jiwe la thamani kubwa juu ya maiti yenye mafuvu meupe machache, ziada yote inapotea, kwa hiyo usimalize mawe yako mazuri kwenye maiti dhaifu.

Ushauri wangu ni kwamba usichimbe kaburi jipya kabla hujawa na msalaba na uzio wake mkononi. Anza na makaburi yaliyokuwapo ulipofika. Mengi yana misalaba iliyovunjika na uzio uliooza, na ukitengeneza vifaa vya ukarabati ukayarudishia hali yake, alama inapanda bila wewe kugusa maiti hata moja. Mimi mara ya pili nilipocheza nilitumia siku zote za mwanzo kwenye mbao, misumari na mawe peke yake, punda akija naipokea maiti moja, ninaishughulikia vizuri, ninaizika ikiwa na kila kitu chake, kisha narudi kwenye benchi la seremala. Alama 5 niliifikia bila kuhangaika.

Kuhusu upasuaji, fungua mapema teknolojia ya kutoa damu na mafuta, kwa kuwa hivyo viwili vinapunguza mafuvu mekundu na huhitaji kubahatisha. Viungo vya ndani, kama moyo, ubongo na matumbo, viache kwanza. Vinatofautiana baina ya maiti na maiti, na anayeanza hana njia ya kujua kama anaondoa kibaya au anaondoa kizuri.

Mama wa Bombo

Namuunga mkono Fundi, ila naona ameruka habari ya fedha, na mwanangu wa Arua amesema wazi kwamba hana kitu.

Kila unapozika maiti unapewa hati ya mazishi. Hiyo hati usiiweke sandukuni kama kumbukumbu. Ipeleke kwa Horadric, mwenye baa ya Dead Horse pale kijijini, naye atainunua. Katika siku za mwanzo hakuna chanzo cha fedha kilicho cha uhakika kuliko hicho. Ile nyama unayoitoa kwa maiti hatainunua kama haina muhuri, kwa hiyo usipoteze safari kwa ajili yake. Jambo jingine kuhusu kuuza: bei inashuka kila unapomwongezea mtu yule yule bidhaa ile ile, na inarudi taratibu siku zinapopita. Mimi nina duka dogo na jambo hilo nililielewa haraka, kwa maana hata hapa sokoni ukimwaga magunia yote ya vitunguu siku moja utayauza kwa bei ya kutupa. Uza kidogo, ondoka, rudi baadaye.

Kisha kuna kalenda, na hii wachezaji wapya hawaitazami kabisa. Juma la mchezo lina siku 6, si 7, na kila siku ina alama yake kwenye duara lililo pembeni ya skrini. Watu wakubwa wa hadithi wanafika siku moja moja tu: askofu ana siku yake, mkaguzi wa dini anayechoma watu mlimani ana yake, mfanyabiashara ana yake, mnajimu ana yake, bibi anayeimba kwenye baa ana yake, na yule mtu wa ajabu anayeitwa Snake ana yake. Ukimkosa mfanyabiashara leo, utamwona baada ya juma zima. Mimi nilichukua daftari la shule la mjukuu wangu, nikachora alama sita, nikaandika kando ya kila moja nani anakuja, anapatikana wapi, na anataka nini. Tangu siku hiyo sikutembea bure. Ukiwa umepanga vizuri, siku ya askofu unaiweka kwa kanisa, na siku ambayo mgeni wake huna haja naye unaifanya siku ya kuni na mawe.

Kuhusu nguvu, lima. Karoti na kabichi zinakusaidia tumboni, na karoti zitakufaa zaidi huko mbele, kwa sababu punda ataanza kuzidai kabla ya kuleta mizigo. Asiye na shamba atashtuka siku hiyo ikifika.

Mwanafunzi, Gulu

Naongeza jambo moja ambalo kwa sisi wa huku lina uzito kuliko kwa wachezaji wa kwingine. Mchezo huu unahifadhi maendeleo yako pale tu unapolala kitandani. Hakuna kitufe cha kuhifadhi katikati ya siku. Mimi nilikuwa nimeshinda toka asubuhi hadi saa tisa alasiri nikivunja mawe na kupanga uzio wa makaburi manane, sikulala hata mara moja kwa kuwa nilikuwa nakula na nguvu zinarudi, halafu umeme ukakatika mtaani kwetu na betri ya kompyuta yangu ni ya zamani, haikai hata dakika mbili. Nilipowasha tena jioni nilijikuta kwenye asubuhi ile ile, uzio haupo, mawe hayapo. Tangu siku hiyo kila ninapomaliza jambo kubwa, narudi nyumbani kulala hata kwa muda mfupi, nguvu ziwe zimejaa au hazijajaa. Usingizi unakula saa chache za mchezo, na kama Fundi alivyosema, saa si kitu humo ndani. Umeme ndio kitu.

Mgeni wa Arua

Nawashukuru sana, wazee wangu na ndugu zangu. Jana usiku niliacha kuzika kabisa, nikakarabati makaburi ya zamani, na kwa mara ya kwanza nikaona alama ikipanda. Hati nimeziuza pia, nimepata fedha za kuanzia.

Nina swali moja la mwisho. Nimeona kwamba maiti inaweza kutupwa mtoni. Ikiwa ninangojea msalaba na uzio, na punda haachi kuleta, je, zile mbovu nizitupe?

Fundi wa Jinja

Zitupe. Mto upo karibu, hakuna atakayekuuliza, na alama ya makaburi haiguswi. Maiti iliyoharibika, yenye mekundu mengi, itakugharimu nafasi ya kaburi ambayo baadaye utaitaka kwa maiti nzuri.

Mzee wa Masaka

Hapa naomba nitofautiane na Fundi, kwa heshima.

Nimezaliwa katika nyumba ya watengeneza lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba ambacho kwa desturi Waganda humfunga nacho marehemu, na makaburi ya babu zangu yako nyuma ya migomba, hatua chache kutoka jikoni. Najua kwamba mto wa kwenye skrini si mto, na maiti ya kwenye skrini si mtu. Hata hivyo nilipoujaribu mchezo huu nilishindwa kumtupa hata mmoja, na kwa sababu ya kushindwa huko nikajifunza mambo ambayo anayetupa hayajui.

Kwanza, ukitupa hupati hati ya mazishi, na Mama wa Bombo amekwisha kueleza kwamba hati ndiyo fedha ya anayeanza. Kila maiti inayoelea ni fedha inayoelea. Pili, kaburi halifungwi milele. Msalaba wa mbao wa leo unaweza kuung'oa kesho ukaweka wa jiwe, na huko mbele utapata ruhusa ya kufukua, ukaondoa maiti dhaifu na kuweka bora mahali pale pale. Kwa hiyo hofu ya Fundi kuhusu nafasi ina dawa yake, ingawa dawa hiyo inachelewa kidogo. Tatu, mbovu nyingi zinakuwa mbovu kwa sababu sisi tunazichelewesha. Maiti inapoteza ubora kadiri inavyokaa, basi ukisikia punda amefika, acha shoka, ipeleke mochwari kwanza, itoe damu na mafuta, izike siku hiyo hiyo. Ukishazika, uharibifu hautakusumbua tena. Msalaba na uzio hata ukivileta kesho kutwa, kaburi litavisubiri, na deni lile litalipika.

Mimi nilifanya hivyo toka mwanzo: nilichimba safu moja upande wa kushoto wa lango, nikaizika kila maiti ndani ya saa chache, nikauza hati, na kwa fedha za hati nikanunua vile nilivyoshindwa kutengeneza. Alama ilishuka siku za kwanza, kweli, kisha ikapanda kwa kishindo nilipoanza kusimamisha misalaba mfululizo. Kanisa nililifungua nikiwa nimechelewa juma moja hivi nyuma ya wachezaji wengine ninaowafahamu, lakini nililifungua nikiwa na akiba.

Fundi wa Jinja

Mzee, nimekuelewa, na kwa habari ya hati umenishinda. Sikuwahi kupiga hesabu ya fedha nilizozitupa mtoni. Nitabaki na jambo moja tu: anayefuata njia yako awe na moyo wa kuitazama alama ikishuka bila kuvunjika, na ndugu yetu wa Arua amekwisha kuanza upya mara tatu kwa sababu ya alama hiyo hiyo. Kwake yeye ningesema azike kila maiti inayofika ikiwa mbichi, kama ulivyosema, na mto autumie kwa ile tu iliyooza mezani kabla hajaifikia.

Mama wa Bombo

Na kanisa likifunguliwa, mwanangu, usikose hata juma moja kuhubiri siku ya askofu. Mahubiri yanaleta sadaka na yanaleta imani, na bila imani ile meza ya utafiti, inayotoa alama za buluu za kufungulia teknolojia, haikufai kitu. Alama hizo za buluu ni adimu kuliko zile nyekundu na za kijani, na wengi wanakwama hapo baada ya kuvuka shida uliyo nayo sasa. Nunua karatasi mapema.

Mgeni wa Arua

Nimefanya kama Fundi na Mzee walivyopatana. Leo niko kwenye alama 3, safu ya kushoto ina makaburi matano, mawili bado hayana uzio. Siku ya askofu ni kesho kutwa kwa kalenda ya mchezo, na mbao ninazo. Nimelala kwanza, kisha nikazima kompyuta.