Karani wangu ni kiziwi, bosi anataka kumtoa sakafuni. Nimteteeje?

Msimamizi wa Stoo, Namanve

Wapendwa, salaam. Nasimamia stoo ya godauni moja hapa Namanve, eneo la viwanda karibu na Kampala. Treila zinatoka Mombasa, zinavuka Malaba, zinashusha kwetu, sisi tunahesabu na kupanga. Nina karani, kijana wa Arua, kiziwi tangu utotoni. Mwaka wa tatu huu yuko nami. Mzigo wa makatoni 1,200, akikuandikia pungufu 14, usibishane naye. Rudi uhesabu, utazikosa hizo 14. Dereva mmoja aliniambia, "Huyu wako hasikii, lakini anaona mpaka ndani ya katoni."

Wiki iliyopita foklifti ilimkosa chupuchupu. Dereva alipiga honi, kijana alikuwa amempa mgongo. Hakuumia. Bosi akaitisha kikao, kijana mwenyewe hakuitwa, ikaamuliwa kuanzia mwezi ujao afagie ofisi. Mshahara eti "tutauangalia". Nje huko wapakiaji wanamwita kasiru, neno la Kiganda la kumdharau kiziwi. Nikiwakemea wanacheka.

Nataka kumtetea, ila bosi anasema ni usalama, na kusema kweli hata mimi siku ile miguu iliniisha nguvu. Nianzie wapi? Nina watoto wanne, sitaki kibarua changu kiote nyasi.

Kiziwi wa Jinja

Kaka, nimesoma mara mbili nikitafuta kijana mwenyewe alisema nini. Sijakiona. Mimi pia ni kiziwi, nimefanya kazi kiwandani miaka 11. Niliwahi kutetewa na watu wema kama wewe, nikajikuta jikoni nachemsha chai.

Muulize kwanza. Na usimuulize kwa WhatsApp ukadhani yameisha, maana wengi wetu lugha ya kwanza ni ya ishara, na maandishi tulijifunza baadaye kwa taabu. Tafuta mkalimani hasa. Chuo Kikuu cha Kyambogo wanawafundisha, na chama cha viziwi cha taifa, UNAD, kipo tangu 1973, kitakuelekeza. Usimlete binamu anayejua ishara ya "kula" na "njoo".

Sasa honi. Godauni lenye jenereta, redio na watu ishirini wanaopiga kelele, nani anaisikia honi? Kwetu kilichofanya kazi ni taa ya buluu inayomulika sakafuni mbele ya foklifti, ukaiona kabla mashine haijafika. Tukachora njia ya miguu kwa rangi ya njano, tukaweka kioo kikubwa cha duara kwenye kona. Na dereva haruhusiwi kupita nyuma ya mtu kabla hawajaonana macho. Hilo la mwisho halina gharama hata shilingi moja. Kumbuka pia, waliogongwa kwetu kabla ya hapo walikuwa wawili, wote masikio mazima.

Nyabo wa Ajira

Nafanya kazi ya kuajiri watu, Kampala. Bosi wako akisema "usalama", mwombe kwa upole akuonyeshe alichojaribu kurekebisha kabla ya kumhamisha. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inalirudia hilo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Uganda iliuridhia 2008, unahesabu kunyimwa marekebisho yanayowezekana kuwa ni ubaguzi. Mambo yakikwama, malalamiko huanzia kwa afisa wa kazi. Kijana asitie sahihi karatasi yoyote ya kuhamishwa kabla hajatafsiriwa.

Wakubwa wengine husikia vizuri zaidi ukitaja pesa. Kampuni binafsi ambayo asilimia 5 ya wafanyakazi wake wa kudumu ni wenye ulemavu hupata nafuu ya asilimia 2 ya kodi ya mapato.

Tena msiseme kiziwi hawezi kazi ya maana. Alex Ndeezi, kiziwi, aliingia Bunge letu 1996, na mkalimani wake pembeni.

Dereva wa Malaba

Mimi huyo karani kama ni yule ninayemdhania, mwacheni afagie 😂 Natania. Nikifika na hesabu kamili ndiye wa kwanza kuniachilia, silali njiani. Mrudisheni.

Msimamizi wa Stoo, Namanve

Nimerudi. Nimempata mkalimani wa nusu siku, tukakaa watatu nyuma ya stoo.

Swali langu la kwanza lilikuwa anahitaji nini. Alinitazama, akaenda kabatini, akaniletea delivari noti, karatasi ya kupokelea mzigo, ya mwaka juzi. Nyuma yake ameandika kwa kalamu: KIOO KONA YA MLANGO WA PILI. FOKLIFTI SIIONI. Mbele yake sahihi yangu. Niliitia bila kuigeuza.

Mengine aliyotaka ni madogo: meza yake ielekee mlango, na watu waache kumrushia vipande vya boksi wakitaka kumwita. Hilo la boksi sikuwahi hata kulifikiria, na mimi mwenyewe nimemrushia.

Bosi amekubali rangi ya njano na kioo. Taa ya buluu bado anapiga hesabu. Barua ya kufagia hajaifuta, kikao ni Ijumaa. Mkalimani yupo, kijana ataongea mwenyewe. Mimi nitabeba ile delivari noti.