Gangubai Hangal: sauti ile nzito ilitoka wapi?

Mkazi wa Kirumba
Habari zenu wanajukwaa. Hapa Mwanza nina jirani, mzee wa asili ya Kihindi mwenye duka la vitambaa, ambaye kila Jumapili asubuhi hufungulia kanda za mama aitwaye Gangubai Hangal, mwenye sauti nzito kuliko ya wanaume wengi wa kwaya yetu. Nikimuuliza, hunijibu tu kwamba huyo ni mtu wa Kirana. Naomba mwenye ujuzi anieleze alikuwa nani, na Kirana ni kitu gani.

Mpiga Tabla
Ndugu, alizaliwa Dharwad, kusini mwa India, mwaka 1913, akafariki Hubli mwaka 2009. Mama yake, Ambabai, aliimba muziki wa Karnatiki, ule wa kusini, lakini alipoona binti anavutwa na ule wa kaskazini, yaani wa Hindustani, aliacha kuimba wa kwake ili asimchanganye mtoto. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa kuliko nishani zote alizokuja kupewa binti.

Sauti ya usichana wake ilikuwa nyembamba. Ilishuka baada ya kutibiwa mafindofindo, naye akaendelea kuimba kwa hiyo hiyo aliyobaki nayo. Dharau nayo aliionja mapema: alipoingia bustani ya jirani wa tabaka la juu kuchuma maembe, kilichomkera mwenye bustani si wizi, bali mtoto wa mwimbaji kukanyaga ardhi yake.

Mwalimu wa Kwaya
Niongezee kuhusu Kirana. Ni ukoo wa uimbaji uliopewa jina la mji wa Kairana, kaskazini mwa India, alikozaliwa Abdul Karim Khan (1872–1937). Yeye, Mwislamu, alimfundisha Sawai Gandharva, Mhindu wa Kundgol, ambaye naye aliwafundisha Gangubai na mwimbaji mwenzake Bhimsen Joshi. Gangubai alikuwa akipanda treni kutoka Hubli kwenda kwa mwalimu. Waimbaji wa Kirana hawana haraka: huanzia chini, hukaa juu ya noti moja na kuizungukazunguka hadi imtulie msikilizaji, ndipo wapande hadi inayofuata.

Mjukuu wa Bujora
Kwa hiyo ni kama Wagika na Wagalu wetu, yale makundi ya ngoma ya Wasukuma, wakati wa sikukuu ya Bulabo?

Mwalimu wa Kwaya
Kwa kiasi fulani, kwa maana kwamba mtu hujulikana kwa upande aliofundwa. Lakini Wagika na Wagalu hushindana kuvuta watazamaji uwanjani, ilhali ukoo wa Kirana hutambulika kwa namna ya kuifungua raga, yaani mpangilio wa noti ambao mwimbaji huujengea wimbo wake.

Mkazi wa Kirumba
Nashukuru sana. Nianze kusikiliza wapi?

Mpiga Tabla
Anza na rekodi zake ndefu za jukwaani, ambamo binti yake Krishna alizoea kumpokea katika kuimba. Santuri za miaka ya 1930 ziache kwanza, kwani upande mmoja ulibeba dakika kama 3 tu, na raga ya Kirana kwa dakika hizo huwa bado haijatoka chini.