Muvi ya Kapteni Alex

Mama Neema: Jamani nani aliwawekea watoto ile takataka jana usiku?? Neema kaamka anapiga kelele supa komando supa komando ananilenga na mwiko

Baba Mkubwa: Habari za asubuhi. Nani amefungua buti la gari langu.

Deo: Ni mimi dada 😂 na sio takataka, ile ni Who Killed Captain Alex? ya Waganda, ya 2010, watu dunia nzima wanaitafuta

Shangazi: Mimi nililala mapema. Ile helikopta mjukuu wangu anachora nzuri kuliko ile. Na yule mwanaume anayepayuka juu ya picha mwanzo mwisho hakuna wa kumnyamazisha?

Deo: Shikamoo shangazi. Huyo anaitwa VJ Emmie na wewe ndo ungemwelewa kuliko sisi wote maana si ulituhadithia mwenyewe ulivyokuwa unatoroka kwenda kibanda umiza kumsikia Lufufu akitafsiri picha za nje kwa mdomo, picha yenyewe hata hukumbuki ilikuwa ipi unakumbuka maneno ya Lufufu tu. Emmie ndo kazi hiyohiyo kwa Kampala. Afu hata mkitaka isiyo na Emmie haipo, mtengenezaji mwenyewe Nabwana aliifuta kwenye kompyuta apate nafasi ya muvi nyingine, ikabaki hiyo yenye maneno

Rehema: Kaifuta muvi yake mwenyewe 😂😂😂 hata yeye aliona

Deo: We Rehema cheka tu. Huyo jamaa ni wa Wakaliga huko Kampala, alikuwa anafyatua matofali, utotoni kaka zake ndo walikuwa wanaenda kuangalia muvi wanarudi wanamsimulia, yaani mtu kajifunza muvi kwa kusimuliwa!! Hela yote anasema haikufika dola 200. Bunduki kazitengeneza mwenzao Dauda kwa vyuma chakavu, stendi ya kamera ni jeki ya gari, damu ni rangi ya chakula wanaijaza kwenye kondomu

Shangazi: Deo! Humu kuna wazee

Deo: Samahani shangazi, kwenye mpira. Mwanzo walikuwa wanatumia damu ya ng'ombe muigizaji akaugua ndo wakaacha

Mjomba Musa: Umaskini sio sifa Deo. Mtu akinipakulia wali mbichi siwezi kula eti kwa sababu hana mkaa. Na kosa kubwa kuliko yote STERINGI KAFA. Katikati ya muvi. Tangu lini steringi anakufa?

Deo: Mjomba wali mbichi si ungetema, mbona ulikaa hadi mwisho? Nilikuona kaka yake Alex alivyotokea na mateke yake ulisimama ukamwaga chai. Sibishi helikopta ni mbovu, mbovu kweli, na majengo ya Kampala yanalipuka kama katuni, ila zile za mamilioni ya dola ukiona sura tu ya steringi unajua hafi, unakunywa soda yako unasinzia. Huyu kakuulia steringi na jina la muuaji kakunyima. Jana ulilala kweli?

Mjomba Musa: Sijalala. Nani alimuua

Deo: Haijulikani

Mjomba Musa: Atakuwa yule bosi wa mafia, Richard

Shangazi: Richard si alimtaka mzima? Angemuuaje

Rehema: Shangazi 👀 si ulilala mapema

Shangazi: Nilikuwa nasikia sauti

Mama Neema: Mi nasema ni mtu wa ndani, wanajeshi wenzake. Na msinijibu, sikuangalia, nilikuwa napita kwenda jikoni

Deo: Ulipita mara ngapi dada 😂

Kulwa: Anko Deo tumeshapiga sini ya kwanza nyuma ya banda la kuku, Neema kafa vizuri sana ila tomato imeisha

Shangazi: Tomato ipi? Ile ya kwenye kabati langu?

Kulwa: Tumebakiza kidogo shangazi. Kamera imetulia kabisa haitingishiki, mtaona

Baba Mkubwa: Narudia. Niko Buzuruga hapa na pancha. Nimefungua buti jeki hakuna.

Kulwa: Babu shikamoo 🙏 imebaki sini moja tu